Mifuko ya Udongo, Sehemu ya Tisa: Mlango wa Nyuma

"Ingia. Nilikuwa nakusubiri."

Ndivyo alivyosema Ikupa, na hapo tukamwacha Verediana mlangoni wiki nzima, sinia mikononi, sare ya mhudumu ikimbana makwapani. Wapo waliokosa usingizi. Yuko baba mmoja wa Mafinga anayedaiwa kuficha gazeti chini ya godoro ili mkewe asimtangulie kusoma. Sasa poleni wote, maana Ikupa alikuwa anasubiri supu.

Supu tu, jamani. Supu ya kuku na chapati, aliyoiagiza tangu asubuhi, na njaa ilikuwa imemfikisha mahali pa kufungua mlango kabla haujagongwa vizuri.

"Weka hapo mezani," akasema. "Ndimu umeleta?"

Verediana alikuwa ameleta ndimu. Alikuwa ameleta na pilipili. Kitu ambacho hakuleta ni akili yake, iliyobaki kule kwenye ngazi.

Kwa wewe uliyeokota gazeti hili kwa kinyozi, mambo yako hivi. Mbolea ya ruzuku ilipelekwa Igowole, wakulima wakafungua mifuko, wakakuta udongo mwekundu umepepetwa vizuri kama unga wa sembe. Kampuni iliyoiuza inaitwa Kijani Kibichi, na mkurugenzi wake ndiye huyu Ikupa anayekamua ndimu. Aliyeipa kampuni hiyo zabuni ni Mheshimiwa Sosthenes Mwalupeta, wakati huo waziri, siku hizi mkulima wa parachichi. Na aliyewekwa ndani ni nani? Jofrey, mtunza ghala wa Iringa, ambaye kosa lake ni kupokea mifuko iliyoshonwa na kuipakia kwenye lori ikiwa imeshonwa vilevile.

Verediana ni dada yake Jofrey. Anauza nyanya Ilula, pale barabarani, na mdomo wake unajulikana na madereva wote wa malori. Ila mdomo haumtoi mtu mahabusu. Wakili wao, mama mmoja wa Iringa mjini anayeitwa Nasrin, alimwambia wazi: nionyeshe kwamba Mheshimiwa na huyo mkurugenzi ni watu wa nyumba moja, na Jofrey atatoka kizimbani awe shahidi. Usiponionyesha, Jumatatu anasimama peke yake.

Shida ni kwamba wenyewe wameapa hawajuani. Mheshimiwa ameapa, Ikupa ameapa. Wachunguzi wamepekua weee, hawajaona simu wala ujumbe, hata salamu ya sikukuu. Watu wawili wamefanya biashara ya mbolea ya mkoa mzima bila kuambiana hata "habari za asubuhi".

Ndipo Bertha, mpishi mkuu wa hoteli moja ya Mbeya na mteja wa nyanya za Verediana miaka na miaka, alipompigia simu: yule mkurugenzi wenu amepanga chumba hapa kwetu. Verediana akapanda basi, akavaa sare ya kuazima, na sasa yuko hapa, anatazama watu wakila supu.

"Wewe mgeni," Ikupa alisema bila kuinua kichwa. "Wa hapa wakileta supu hawabaki kuitazama."

Verediana akajibu kwamba ndiyo, ana siku chache tu.

"Na hayo madoa ya kijani kwenye vidole?"

"Nilikuwa nachambua nyanya jikoni."

"Nyanya gani za kuchambua kwenye hoteli. Wewe Mhehe, sivyo? Nasikia unavyoongea, kama unataka kugombana."

"Mbena," Verediana akadanganya. Lilikuwa kosa la kwanza, maana Ikupa akacheka na kusema kwamba Mbena angekwisha kumsalimia na kumuuliza habari za nyumbani, za shambani, za mifugo, na supu ingekwisha poa.

Verediana naye akacheka, cheko la kulazimisha. Moyoni alikuwa anamchunguza. Alikuja akitegemea kukuta mwanamke wa dhahabu na kucha ndefu. Huyu alikuwa na kitenge begani na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri. Akaamua kurusha ndoano. Akasema, kama mtu anayepiga soga tu, kwamba leo jikoni wana kazi kubwa, ukumbi wa chini una wageni, Mheshimiwa Mwalupeta anaongea na waandishi wa habari.

Kijiko kikasimama hewani.

"Nani?"

"Mheshimiwa Mwalupeta. Yule aliyekuwa waziri. Anasema hata hajui sura ya mkurugenzi wa ile kampuni."

Ikupa akaweka kijiko chini taratibu. Akasema huyo mzee hamjui, anamwona kwenye TV kama kila mtu. Halafu hapohapo, mtu asiyemjua mzee akaacha supu na kuku ndani yake, akanyanyua mkoba, akauliza kama kuna njia nyingine ya kutokea zaidi ya ile ya mapokezi.

Verediana alikuwa na majibu mawili kichwani. La kwanza: anakimbia. La pili, ambalo lilimpendeza zaidi: anakwenda kuonana naye kwa siri, na mimi ndiye nitakayempeleka hadi kwenye mdomo wa mamba.

"Iko ngazi ya wafanyakazi," akasema kwa sauti ya asali. "Inashukia jikoni. Nifuate, dada."

Wakashuka. Verediana mbele na sinia lake, Ikupa nyuma, viatu mkononi ili visigonge sakafu. Chini ya ngazi kuna korido nyembamba: upande huu jiko, upande ule stoo, kutani magunia ya viazi. Bertha alikuwa mlangoni mwa jiko, mwanamke mkubwa, mwiko mkononi, akimsuta muuza kuku kwenye simu.

Sasa sikilizeni bahati ilivyo na mchezo. Ukumbini, mwandishi mmoja alikuwa amesimama na kumuuliza Mheshimiwa kama udongo wa Igowole unahitaji kuongezewa udongo. Watu wakacheka. Mheshimiwa hapendi kuchekwa. Akafunga mkutano hapohapo, akapita mlango wa pembeni kuwakwepa, waandishi wakamfuata na vinasa sauti vyao, na mlango wa pembeni, kwa taarifa yenu, unatokea korido ya jikoni.

Walisikika kabla hawajaonekana.

"Nimesema na narudia," sauti ya Mheshimiwa ilikuwa inakuja, "huyo mwanamke sijawahi kumtia machoni, wala..."

Akakunja kona. Akaonekana mzima, suti, kitambi na fimbo ya heshima.

Verediana akajisogeza ukutani ili aone vizuri. Aliyatoa macho yote. Alitaka kuona kope ikicheza, kidole, chochote ambacho angekwenda nacho Iringa.

Hakuhitaji kutoa macho kiasi hicho. Mkoba wa Ikupa ulianguka. Kitenge kilitoka begani kikapanda kichwani, kikafunika uso wote, na mkurugenzi wa Kijani Kibichi, mwanamke wa mikataba na mihuri, akageukia ukuta na kuchuchumaa katikati ya magunia ya viazi, mgongo nje, kichwa ndani, kimya kama gunia mojawapo.

Na Mheshimiwa? Sentensi yake ilikatika palepale kwenye "wala". Akageuza uso kama aliyepigwa na moshi. Mkono ukapanda usoni. Akaanza kurudi kinyumenyume, mzee wa watu na fimbo yake, akiwakanyaga waandishi vidole, kinasa sauti cha mmoja kikaanguka, wakauliza ni presha au ni nini, yeye hakujibu. Alirudi hadi kona, akakunja, akapotea. Waandishi wakamfuata wakiitana watafute maji.

Hakuna hata mmoja wao aliyetazama magunia.

Verediana alifurahi kupita kiasi. Akamsogelea Bertha na kumnong'oneza, umeona walivyoogopana? Wanajuana hawa. Kuna damu kati yao, au kuna mtu kauawa.

Bertha alimtazama kama mtu anayemtazama mtoto mjinga.

"Nani kaogopa? Hebu simama hapo na sinia lako umkinge, asije mzee akachungulia tena. Mkwe wake huyo."

"Mkwe wa nani?"

"Wa yule mzee. Kaolewa kwa mwanawe. Wewe hujaona anavyomtila?"

Verediana hakuwa ameona, kwa sababu kwao Ilula baba mkwe unampigia goti, unamletea maji ya kunawa, mnakaa mnaongea habari za mahindi hadi jua linazama. Bertha ikabidi amfundishe, hukohuko mlangoni, mwiko ukidondosha mchuzi. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hali naye, hamsemeshi, jina lake halitamki. Akimwona njiani anakata kona, na pasipo na kona anajifunika. Na mzee mwenye adabu naye anapisha. Ndiyo kutila huko. Bertha mwenyewe aliolewa kijana, akaishi ua mmoja na baba mkwe wake, na uso wake aliuona siku ya msiba, akiwa ndani ya jeneza.

"Nikashangaa," Bertha alisema. "Kumbe alikuwa mzuri kuliko mume wangu."

Basi hapo ndipo Verediana alipoelewa kila kitu kwa mkupuo. Mdomo wa Mheshimiwa ulikuwa umefundishwa na mawakili, umeapa mbele ya kamera. Miguu yake haikuwa imeambiwa kitu. Na Ikupa, aliyewadanganya wachunguzi kwa wiki nzima bila kupepesa macho, alikuwa ametoboa siri kwa kuchuchumaa, kwa sababu hivyo ndivyo mama yake alivyomlea, na mwili ulitangulia kabla akili haijauliza kuna nani anatazama.

Walimwinua Ikupa wakampeleka stoo, yenye mlango wake wa nyuma uliofungwa kwa ufunguo, akae mpaka njia iwe salama. Verediana akatoka nje kwenye mitungi ya gesi, ukungu wa mlima Loleza ukiwa umeshuka mpaka kwenye mabati, akampigia Nasrin.

Wakili alicheka kwanza, cheko refu la mtu aliyekuwa na wiki mbaya. Halafu akawa wakili tena. Alisema mahakama haitamfunga mtu kwa kugeuza uso. Mzee atasema aliumwa macho, mwanamke atasema alidondosha hereni. Ndoa ya kimila haina cheti, wamefunga kimya, hakuna picha wala kadi ya mchango. Anamtaka mtu. Mtu aliyesimama uani siku ng'ombe wa mahari walipoingia.

"Kuna mshenga," Nasrin alisema. "Hawawezi kuoa bila mshenga. Niletee mshenga kabla ya Jumatatu, nami nakupa kaka yako mkononi."

Verediana akasema atamleta hata kwa kumbeba mgongoni.

"Na nani mwingine anajua uko hapo?"

"Bertha tu."

"Bertha ni nani?"

"Mpishi. Ni mtu wangu."

Jibu hilo halikumtosha Nasrin. Akasema haya, lakini usiongee sana na mtu yeyote, hata mtu wako. Maneno hayo yalimkera Verediana. Mawakili, alifikiri, wanamshuku hata aliyewazaa. Akarudi ndani.

Stoo ilinuka vitunguu. Ikupa alikuwa ameketi juu ya kreti la soda, kitenge bado kichwani, na Bertha alikuwa akimsemesha kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini, maneno ambayo Verediana hakuyashika. Walipomwona wakanyamaza wote wawili. Verediana hakuipenda ile namna ya kunyamaza.

Lakini Jumatatu ilikuwa inakuja, na yeye hakuwa na muda wa kununa. Akafunga mlango, Bertha akibaki humohumo ndani na mwiko wake. Akamwambia Ikupa kwamba mchezo umekwisha, anajua ni mkwe wa Mwalupeta, na kwamba yeye si mhudumu wala si Mbena.

"Hilo la Mbena nilijua," Ikupa alisema. "Wewe ni nani?"

"Dada yake Jofrey. Yule mliyemtupa ndani badala yenu."

Ikupa akainua uso. Alimtazama Verediana muda mrefu, kuanzia paji la uso hadi kidevu, kama mtu anayelinganisha sura na nyingine. Halafu, badala ya kulia au kukana, mabega yake yakashuka. Akasema alidhani Verediana ametumwa na wazee wa nyumba ya mumewe, aje kumsimamia asiseme.

Akaanza kueleza, na Verediana akamwacha aeleze. Aliolewa kijijini kwao, Tukuyu, mvua zikinyesha. Mume wake alikuwa mtoto wa kwanza wa Mheshimiwa. Baada ya harusi akaambiwa kuna kampuni inafunguliwa na inataka jina la mtu asiyejulikana. Akatoa jina. Ikaja mihuri, akagonga. Mume akaenda zake nje kusoma, hajarudi. Amebaki yeye na kampuni.

"Kwa hiyo Mheshimiwa alikuwa anakupa maagizo," Verediana alisema. Aliona kizimba kinafunguka, akamwona Jofrey anatoka na lile shati lake la mistari.

"Angenipaje? Umeona mwenyewe pale. Tangu niolewe sijasikia sauti yake ikinisemesha. Hawezi kunipigia simu, siwezi kumpigia. Wale wachunguzi wanatafuta simu mpaka leo." Ikupa alitabasamu, tabasamu chungu. "Kila neno lake kwangu lililetwa na mshenga. Saini hapa, mshenga. Lori linatoka usiku, mshenga. Mifuko ishonwe kwa uzi mweupe, ufanane na ule wa kiwanda, mshenga. Alituunganisha kwenye ndoa, akaendelea kutuunganisha kwenye hayo mengine."

Verediana akajisemea moyoni. Huyo ndiye. Nasrin alitaka mshenga wa ng'ombe, na hapa kuna mshenga wa ng'ombe na mbolea pamoja. Huyo akipatikana, Mheshimiwa amekwisha, na Jofrey yuko nyumbani anakula ugali.

"Nipe jina lake."

Ikupa akaanza kukunja pindo la kitenge.

"Nipe jina, Ikupa. Kaka yangu analala kwenye sakafu ya saruji."

"Alisoma na mume wangu," Ikupa alisema pole pole. "Kijana mpole, mcheshi. Mama yangu alimpenda sana, alisema hajawahi kuona Mhehe anayekuja kuposa bila kugombana na mtu."

"Mhehe wa wapi?"

"Sikuwa na haja ya kukutajia, dada. Mnampelekea chakula wenyewe kila Jumamosi."

Verediana alisikia maneno, akayaacha yapite. Kisha yakarudi. Kila Jumamosi yeye hufunga ugali na maharage kwenye kitambaa cha maua, anapanda gari la Iringa, anapanga foleni getini. Anampelekea mtu mmoja tu. Mtu huyo kila mara humwambia hajui kitu, alipokea mifuko tu, dada.

Alitaka kusema kwamba ni uongo. Lakini alikumbuka ile suti ya kijivu. Jofrey aliinunua mwaka ule wa mvua nyingi, akasema anakwenda Mbeya kwenye semina ya watunza ghala, akarudi na mkungu wa ndizi za Tukuyu na furaha isiyo ya semina. Walimtania nyumbani kwamba amepata mchumba. Hakubisha.

Simu ikatetemeka mfukoni. Nasrin.

Akaiweka sikioni. Wakili alikuwa anaongea haraka, amepata gari, anaweza kuja Mbeya leo hii, kama mshenga anajulikana waende wakamchukue kabla upande wa pili haujamfikia.

"Umempata? Nitajie jina tu, nianze kuandaa."

Jina lilikuwa palepale, kwenye ncha ya ulimi. Akilitaja, Mheshimiwa anaanguka, na Jofrey anaanguka naye, safari hii kwa haki. Asipolitaja, Jumatatu Jofrey anaanguka peke yake. Verediana, mwanamke ambaye hajawahi kukosa neno mbele ya dereva yeyote wa lori, alitafuta neno akalikosa.

"Mtandao unasumbua huku, wakili," akasema. "Nitakupigia."

Akakata. Ikupa alikuwa anamtazama, na kwenye macho yake hakukuwa na ushindi, kulikuwa na huruma, jambo lililomuudhi Verediana zaidi ya kitu kingine chochote siku hiyo.

Hapo mlango ukagongwa. Taratibu, kwa ncha ya fimbo.

Ikupa alikuwa ukutani kabla fimbo haijagonga tena, kitenge usoni.

"Bertha," sauti ikasema kutoka upande wa pili. Ilikuwa sauti ileile ya ukumbini, ila sasa ilikuwa ya upole, sauti ya mzee aliyekuja kwa jirani kuomba moto. "Humo ndani kuna mtu nisiyepaswa kumwona. Mpitishe mlango wa nyuma, mimi nimegeuka, sitazami. Dada yake Jofrey abaki. Mwambie asiogope, mshenga wetu ni kama mtoto wa nyumbani, na dada yake vilevile. Tuna mazungumzo kidogo kabla ya Jumatatu."

Verediana akapiga hesabu haraka. Nje ya stoo hii hajamwambia mtu yeyote yeye ni nani, na Ikupa hajatoka humu wala hajashika simu. Mapokezi hawamjui, wahudumu wanamwita mgeni. Aliyejua tangu mwanzo ni mmoja.

Akamgeukia Bertha.

Bertha hakumtazama. Alikuwa ameshaweka mwiko chini, na ufunguo wa mlango wa nyuma ulikuwa tayari mkononi mwake.